Mdogo Wangu Anasemewa

Kama hukuwa nami wiki iliyopita, hukukosa raha yoyote. Nitakueleza kwa kifupi tulikofika, maana nikirefusha nachemka upya.

Mdogo wangu ni mwokaji mikate. Mtaa mzima unamwita Chachu, kwa sababu tangu utotoni hakujua kutulia, alikuwa anaumuka tu. Alianguka kutoka stoo ya unga, juu, hadi sakafuni kwenye matanuri, mikate ikiwa ndiyo kwanza imetoka motoni. Tangu hapo hainui mkono, hainui mguu, hasemi. Macho yako wazi. Madaktari walisema hawana uhakika kama anatusikia.

Mama akasema kama wao hawajui, wapo wanaojua. Akamleta Msikilizaji.

Siku hizi Wasikilizaji wako karibu kila hospitali. Wanavaa kofia yenye nyaya, mgonjwa naye anavalishwa ya kwake, mashine inawekwa katikati inanguruma kama friji. Shirika lao linasema mashine inakuza mawazo ya mgonjwa, ila wanaoweza kuyasikia ni wachache, waliozaliwa na kipaji. Hao ndio wanaopewa leseni. Na tangu sheria mpya ipite, anachotamka Msikilizaji mwenye leseni kinahesabiwa kuwa ni maneno ya mgonjwa mwenyewe, hata mahakamani.

Huyu wetu alimshika Chachu mkono, akafumba macho, akasema kwa upole, "Mke wangu alinisukuma."

Wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Polisi walimchukua na ile chupa mkononi. Hapo ndipo nilipoishia.

Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Sisemi wifi ni malaika. Ana mdomo, na mimi ninao. Mimi ni fundi wa makochi, na tuliwahi kununiana muda mrefu kwa sababu ya kochi nililomtengenezea, akasema linakaliwa kama limejazwa mawe. Lakini siku Chachu alipoletwa hospitali nilimwona wifi akikimbia nyuma ya machela na kiatu kimoja, na hakujua kama kingine kimemtoka. Mtu aliyemsukuma mumewe hakimbii vile. Najua hilo si ushahidi. Ndilo lilikuwa tatizo langu tangu mwanzo: nilichokuwa nacho hakikuwa ushahidi, na walichokuwa nacho wao hakikuwa ushahidi, ila chao kilikuwa na leseni.

Nilikwenda kumwona mahabusu. Nilidhani atanililia habari za kesi. Aliniuliza nani anamgeuza Chachu, kwa sababu wauguzi wanasahau upande wa kushoto, na ngozi ya nyonga ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Nikamwambia namgeuza mimi. Akasema nisimburute, nimwinue. Muda wetu ukaisha.

Nikatoka pale moja kwa moja hadi kwa mpelelezi.

Mpelelezi huyu ni mtu mpole, na upole wake ndio unaokera. Anakupa kiti, anakusikiliza mpaka mwisho, halafu anakujibu kile kile alichokujibu jana. Nilimuuliza kama kuna mtu aliyewahi kuwapima hawa Wasikilizaji. Akasema wanapimwa na shirika lao. Nikamuuliza shirika linapimwa na nani. Akaniomba nisimzungushe.

"Mimi ndiye ninayekuzungusha?" nilimuuliza.

Akacheka kidogo, kisha nadhani akanionea huruma, au alitaka nimwondokee. Akaniambia ile sheria ina kifungu ambacho hakuna aliyewahi kukitumia. Familia inaweza kuomba kikao cha kuhakiki, Msikilizaji apimwe mbele ya daktari na mbele yake yeye. Sharti ni moja: mlezi wa mgonjwa akubali.

Mlezi wa mgonjwa ni Mama.

Nilimkuta jikoni anachambua mchele. Nilianza kwa adabu, nikamaliza kwa kelele, kama kawaida yetu. Hakuinua uso. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Tangu aanguke namwita hanijibu. Nimemwita kwa dua, nimemwita kwa kumfinya. Huyu mama wa watu amekuja, mwanangu akaniambia, 'Mama, usilie.' Leo unataka nimpime kama maziwa?"

"Alisema 'Mama'?"

"Alisema Mama."

"Chachu tangu lini akakuita Mama? Si anakuita Bi Mkubwa?"

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Nilijua nimemgusa, na nilijua pia nimemuumiza, na sikuona njia ya kufanya la kwanza bila la pili. Akasema mtu akiwa katika hali ile moyo unalainika, anarudi utotoni. Kwa Mama kila kitu kina jibu. Ukiziba mlango anapitia dirishani.

Mwishowe alikubali, kwa sharti lake. Msikilizaji akifaulu, mimi mwenyewe nisimame mahakamani niseme mdogo wangu amesema kweli, na nisimtaje tena wifi ndani ya nyumba ile.

Nikasema sawa. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira anakubali vitu kwa bei yoyote.

Kipimo alikipanga daktari, dada mmoja mwembamba asiyependa maneno. Alitaka kizuizi cha kuweka kati ya kitanda na kiti cha Msikilizaji, wasione kinachoonyeshwa upande wa pili. Hicho nikakitengeneza mimi, kwa plaiwudi na kitambaa cha kochi kilichobaki, rangi ya kijani. Nikaacha tundu chini la kupitisha mikono, maana Msikilizaji alisema bila kumshika mgonjwa hasikii.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Chachu anaonyeshwa kadi yenye picha. Msikilizaji naye anaonyeshwa kadi upande wake. Kisha Msikilizaji anataja kile anachomsikia Chachu akisema ameona. Hakuambiwa kwamba wakati mwingine kadi zitafanana na wakati mwingine hazitafanana.

Kadi ya kwanza, wote wawili waliona ufunguo. Msikilizaji akafumba macho, mashine ikanguruma, akasema, "Ufunguo." Mama akanitazama.

Ya pili, wote waliona jogoo. Akasema jogoo. Mama akaendelea kunitazama.

Ya tatu, Chachu alionyeshwa kiatu, Msikilizaji akaonyeshwa ndoo.

"Naona ndoo," akasema Msikilizaji, kwa ile sauti ya upole ambayo mdogo wangu hajawahi kuwa nayo.

Ikaendelea hivyo. Chachu mwavuli, yeye samaki: samaki. Chachu saa, yeye kitanda: kitanda. Zikifanana anapatia, zikitofautiana anataja ya kwake, bila kukosea hata mara moja. Daktari hakubadilisha uso. Mpelelezi aliacha kuandika, akawa anatazama tu.

Walipoondoa kizuizi na kumweleza, Msikilizaji alizitazama zile kadi mbili mbili muda mrefu. Nilisubiri aanze kujitetea. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima kwa ajili ya utetezi wake. Nilikuwa na maneno makali ya kutosha.

Hakujitetea. Alivua kofia, nywele zimemlowa jasho, akanigeukia mimi kati ya watu wote.

"Lakini sauti naisikia," alisema. "Dada yangu, naapa naisikia. Kama si yake, ni ya nani?"

Nilitaka awe mwongo. Mwongo unajua la kumfanya. Huyu alikuwa mwanamke aliyeambiwa na watu wazima wenye mashine kwamba sauti anayoisikia kichwani, ambayo wewe na mimi tunaisikia tukijiongelesha, ni ya mtu mwingine. Akaamini. Na kwa imani hiyo akamfunga wifi yangu.

Akatoka, kofia ameiacha kitini.

Nikadhani tumemaliza. Nilimgeukia Mama nikitarajia sijui nini, pengine aniombe radhi, pengine alie tu.

Mama alikuwa anampangusa Chachu paji la uso. Akasema Chachu tangu shule alichukia mitihani. Akasema ni dhahiri aliona mama wa watu anaaibishwa, akamtajia kadi zake ili kumsitiri.

"Kwa hiyo amesoma kadi za upande wa pili wa mbao?" nilimuuliza.

"Wewe si ndiye unayesema watu hawasomi mawazo? Sasa mbona unaniuliza mimi?"

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za hospitali. Naomba mnielewe. Kuna hasira ya kushindwa, hiyo naijua, ukilala inapoa. Hii ilikuwa hasira ya kushinda halafu ukakuta hakuna kilichosogea.

Shirika nalo lilitoa jibu lake siku chache baadaye. Mpelelezi alinipigia simu kunieleza. Walisema matokeo hayakubaliki kwa sababu mbili. Kwanza, chumbani alikuwepo mtu mwenye nia mbaya, yaani mimi, na nia mbaya huvuruga mawimbi. Pili, kizuizi kilifunikwa kwa kitambaa cha kochi ambacho hakijathibitishwa kuwa kinapitisha mawazo.

Nikamuuliza mpelelezi kama anasikia anachokisoma.

Akasema anasikia. Akaongeza kwamba kesi inaendelea kama ilivyo mpaka apate kitu kingine, na kwamba hata yeye hajalala vizuri tangu siku ile. Nikamwambia wifi yangu naye halali vizuri, tena analala chini.

Hicho kitu kingine alikileta daktari.

Aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akawasha picha za video alizorekodi siku ya kipimo. Alikuwa amezirudia kwa kazi yake tu, apate kuandika taarifa. Akaniambia nisimtazame Msikilizaji. Nimtazame Chachu.

Ufunguo: macho yametulia. Jogoo: yametulia. Kiatu. Msikilizaji anasema ndoo, na macho ya mdogo wangu yanapanda juu, taratibu, yanabaki kule, kisha yanashuka.

Mwavuli. Samaki. Yanapanda juu.

Saa. Kitanda. Juu tena, na safari hii yanakawia, kama mtu aliyechoshwa kabisa.

Niliyatambua macho yale kabla daktari hajafungua mdomo. Ndivyo Chachu anavyofanya tangu akiwa mdogo, Mama anapoanza kusimulia kwa mara nyingine jinsi shangazi alivyomnyima kanga. Mdogo wangu alikuwa anatusikia. Alikuwa anatusikia siku zote. Alikuwa amelala pale anasemewa maneno yasiyo yake, mkewe anakamatwa mbele ya macho yake, na chombo pekee alichobaki nacho cha kupinga ni kupandisha macho, na hakuna kati yetu aliyeyatazama. Sote tulikuwa tunaitazama kofia.

Hata mimi. Nilikuwa bize kumshinda Msikilizaji.

Tulimwendea pale pale. Daktari akamwambia macho juu ni hapana, chini ni ndiyo. Akamuuliza kama anataka kuzungumza. Macho yakashuka haraka.

Kwa maneno mazima tulitumia herufi. Daktari anazitaja moja moja, Chachu anashusha macho kwenye anayoitaka. Ni kazi ya kuchosha, kama kutoboa ngozi ngumu kwa sindano ya nguo.

Lakini hapo nikasimamisha kila kitu. Nilisema na hiki nacho kipimwe. Daktari alishangaa. Nikamwambia Msikilizaji hakuwa mjinga wala mbaya, alitaka sana kumsikia, basi akasikia. Na mimi nataka kumsikia mdogo wangu kuliko yeye. Anayetaja herufi asijue jibu.

Basi mpelelezi akaitwa. Niliingia peke yangu, nikamwonyesha Chachu kopo langu la gundi, nikalificha, nikatoka na kukaa mwisho wa korido. Daktari akaingia bila kujua lolote. Aliporudi alikuwa na neno moja: GUNDI.

Mpelelezi akataka kujaribu na kitu chake mwenyewe, nisichokijua mimi wala daktari, akamwonyesha Chachu wakiwa wawili tu. Chachu akakitaja: FUNGUO. Mpelelezi akazitoa mfukoni, akatuonyesha, akazirudisha.

"Hiki ninakikubali," alisema. "Hiki nitakisimamia popote."

Mama aliletwa, akaelezwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema basi mwenye kipaji kumbe alikuwa mwanawe. Sikubishana. Alikuwa ameinama anambusu Chachu mashavuni, na Chachu alikuwa amepandisha macho juu, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke tulicheka sote mle chumbani, mpaka daktari.

Mpelelezi akasogeza kiti.

"Mkeo alikusukuma?"

Macho yakapanda juu. Hakuwa na haraka. Yalikaa kule muda mrefu, kama anayetaka hata waliokaa mahakamani wayaone.

Akamuuliza mara ya pili kwa maneno mengine. Juu.

Mpelelezi akatoka nje na simu. Nilimsikia koridoni akisema mke wa mgonjwa aandaliwe, atatoka leo. Nikamshika Mama, au Mama alinishika, sijui. Nilikuwa nafikiria namna nitakavyompokea wifi, nimwambie nini, na kwamba lile kochi nitalifumua nilijaze sponji mpya bila yeye kuniomba.

Mpelelezi akarudi. Alisema amebakiza jambo dogo, la kufunga jalada.

"Siku ile, ulikuwa peke yako kule juu?"

Macho yakapanda. Hapana.

Daktari akasema mgonjwa amechoka, tuendelee kesho. Mpelelezi akamwomba swali moja tu, akamsogelea Chachu zaidi.

"Nani alikuwa na wewe?"

Daktari akaanza kutaja herufi, bila kupenda. A, B, Ch. Kwenye D macho yakashuka. Akaanza upya. Kwenye A yakashuka. D tena. A tena.

Akaanza upya kwa herufi ya tano. Chachu alikuwa amefumba macho. Daktari alimgusa shavu, akampima mapigo, akasema amelala, na hataruhusu aamshwe.

DADA.

Mnielewe vizuri. Tangu mdogo wangu ajue kusema, hajawahi kuniambia kitu bila kuanza na neno hilo. Dada, naomba maji. Dada, njoo uone. Dada, usimwambie Bi Mkubwa. Nilikuwa nimesimama miguuni pake, ananitazama. Alikuwa anaanza kuniambia jambo. Hiyo ndiyo maana yake, haina nyingine.

Hivyo ndivyo nilivyomweleza mpelelezi. Nilieleza haraka mno, nikajisikia ninavyosikika. Nikasema ni neno lililokatika, neno lililokatika si jibu, lazima tusubiri aamke amalizie.

"Tutasubiri," alisema kwa upole wake ule ule. "Lakini kipimo hiki ni wewe uliyekidai. Mimi nimekikubali kwa sababu yako."

Akafungua kalamu. Akaniuliza kama siku ile nilipita kwenye kiwanda cha mikate.

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Tangu siku ya kwanza kidole kilielekezwa kwa wifi, na mimi nilikuwa nashughulika na wifi. Nilipita. Nilikwenda kupima benchi la wateja, tukataniana, nikaondoka zangu, naye alikuwa mzima, mikono imejaa unga. Kulikuwa na nini cha kusema?

Nilifungua mdomo nimwambie hivyo hivyo. Mama akanitangulia. Alikuwa bado amemshika Chachu mkono, na alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka sura.

"Siku ile," alisema, "uliniletea mkate, bado wa moto."